Maji ya Sumbawanga yalivyoniumbua mbele ya kidato cha tatu

Wakuu, salamu kutoka Sumbawanga, huku jua linawaka na sweta hatuvui.

Hii ni ya kweli tupu, na mkosaji ni mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuipaka rangi.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, mzaliwa wa Pito hapa hapa. Majuzi nilikuwa na kidato cha tatu maabara, tunachunguza presha ya hewa inavyobadilika joto likipanda.

Kifaa ni cha kawaida. Chupa ya kioo imezibwa, mrija unatoka humo hadi kwenye geji ya kupimia presha, na chupa yenyewe imezamishwa kwenye maji. Unapasha maji, unasoma kipimajoto, unasoma geji, unaandika. Mwisho unachora grafu.

Maji yalipochemka nikapita mezani. Kila daftari lina nyuzi 100. Safi kabisa.

Isipokuwa Kabula. Huyu binti kwao ni Mtowisa kule bondeni, wafugaji wa Kisukuma. Mpole, anaandika taratibu utadhani daftari litamuuma.

Yeye kaandika 94.

Nikamwambia maji yanachemka nyuzi 100, hata mtoto wa darasa la tano anajua. Akasema, "Mwalimu, nimesoma mara tatu."

Jamaa mmoja nyuma akadakia, "Maji ya Kabula yanaogopa baridi!" Darasa zima kicheko. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka.

Kisha nikamwambia, "Acha kupika data." Nikakata namba yake kwa kalamu nyekundu mbele ya wote.

Kwa wasiojua, kupika data ni kutunga majibu ya practical bila kupima. Kwetu walimu wa sayansi ni sawa na kumwita mtu mwizi.

Kesho yake mwalimu wa taaluma ananiambia Kabula kaomba kuhamia arts. Orodha inafungwa Jumatatu. Nikajibu, "Aende tu, fizikia siyo ya kila mtu."

Jumamosi mchana nasahihisha grafu nyumbani. Za wengine, nukta zinapanda kwenye mstari vizuri, ila ile ya mwisho, ya nyuzi 100, imekaa pembeni. Zote! Nikaweka rula kwenye ya Kabula kwa 94 yake. Nukta zote zikalala kwenye mstari mmoja.

Nikashangaa.

Hapo hapo mke wangu, yeye ni wa Tanga, yuko jikoni analalamika: "Maharage ya huku yamelaaniwa! Tangu asubuhi yanatokota na hayaivi!"

Wakuu, kalamu nikaiweka chini.

Huku tuko juu sana kutoka usawa wa bahari. Presha ya hewa ni ndogo, maji yanachemka kabla ya kufika 100, ndiyo maana maharage yanasumbua. Hilo nalifundisha kila mwaka! Tena mama yangu amepika maharage Pito maisha yake yote, kutwa nzima jikoni, na mimi nikiyala.

Jumatatu asubuhi nikaingia na vipimajoto vitatu. Nikachemsha maji mbele ya darasa, nikamwita yule mcheshi wa nyuma asome.

"Tisini na nne... hiki tisini na nne... mwalimu, na hiki."

Nikageukia darasa zima.

Nikasema, "Waliopika data ni ninyi mlioandika 100. Na mpishi mkuu ni mimi. Kabula, nisamehe." Nilisema kwa shida, siwafichi.

Saa nne akaja ofisini. "Shikamoo mwalimu. Nimefuta jina kule arts."

Nikafurahi mno. Nikadhani yameisha.

Akabaki amesimama. "Mwalimu, kwenye mtihani wa taifa maji yakichemka, niandike ngapi?"

Nikamwambia, "Andika unachokiona."

Akainamisha kichwa, akauliza kwa sauti ndogo kabisa, wala hakuwa na dharau: "Na akisahihisha mwalimu kama wewe?"

Nilichojifunza: miaka yote hii nimekuwa nikiwapa alama watoto wanaokisia ninachotaka kusikia, na aliyetazama kwa macho yake nikamwita mwongo.

Swali lake sijalijibu mpaka leo. Wasahihishaji mliomo humu, na ninyi mliowahi kukatwa alama kwa kusema mlichokiona, nisaidieni. Ananisubiri Alhamisi.