Mshona Magunia wa Konde na Neno Lililomuua Nyange

Saa moja asubuhi, nyuma ya ghala moja la karafuu mjini Konde, Mmanga Kificho ameketi juu ya magunia matupu, anashona mdomo wa gunia lililojaa. Sindano anaishika kwa mkono wa kushoto. Vidole vya mkono wa kulia vimegandana, ngozi inang'aa kama nta, na kazi ya mkono huo ni kukandamiza gunia tu.

Kando yake wanaume watatu wanachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, huku wakimsikiliza.

"Me duele," anasema. Naumwa.

"Me duele," wanaitikia.

"No entiendo." Sijafahamu.

Safari hii wanaitikia kwa sauti ya chini. Mmanga anaacha kushona. "Hilo lisemeni kwa nguvu. Huko melini ukiona haya kusema hukufahamu, utazikwa na haya zako."

Bei ya karafuu imeanguka tena mwaka huu wa 1962, na wanaume wa kaskazini ya Pemba wanakwenda Mombasa kutafuta kazi za melini. Wanaosikia kwamba meli nyingine zina mabwana wa Kihispania hupita kwanza kwa Mmanga. Hawalipishi. Matamshi hayawapi taabu: j ya Kihispania ni khe ile ile ya Kiarabu waliyoisoma chuoni, kwenye Kurani, na z ni tha.

Mmanga alizaliwa Micheweni, ambako muhogo hupandwa kwenye nyufa za mawe. Mwaka 1956 aliondoka na rafiki yake wa utotoni, Nyange, wakapata kazi ya kupaka mafuta mitambo katika meli ya mizigo iliyokuwa na mafundi kutoka Hispania.

Maneno ya mwanzo waliyapata kwa mpishi. Buenos días, habari za asubuhi. Gracias, ahsante. Cuánto cuesta, bei gani.

"Tukajiona tushajua," anasema Mmanga. "Kila bandari Nyange alikuwa mbele, akiamkia watu, akipunguziwa bei ya machungwa. Lakini chini kwenye mitambo hapauzwi machungwa."

Huko chini walizoea neno moja zaidi. Kila walipovuta au kukaza kitu kizito, fundi aliwapigia kelele: "Fuerza!" Yaani nguvu, kazeni.

Siku ya msiba walikuwa wakikaza gurudumu la kufungia bomba la mvuke lililokuwa likivuja. Fundi, aliyekuwa juu ya ngazi, aliona bomba linatikisika. Akapiga kelele: "Fuera! Fuera!"

Fuera maana yake tokeni nje.

"Kwa ngurumo ile, sote wawili tulisikia fuerza," anasema Mmanga. "Nyange akanambia, 'Kaza, Mmanga!' Akaegemeza kifua kwenye gurudumu. Bomba likapasuka."

Mmanga aliingiza mkono ndani ya mvuke, akamvuta mwenzake. Nyange aliishi mpaka alasiri. Alizikwa baharini, na aliyemsalia ni Mmanga peke yake, mkono umefungwa vitambaa, kwani melini hapakuwa na Mwislamu mwingine. Yeye mwenyewe alilazwa miezi mitatu katika hospitali ya Kihispania huko ugenini. Maneno anayoyafundisha leo aliyapata kitandani huko: naumwa, maji, sijafahamu, nisaidie.

Alipokuja nyumbani alikwenda kwa mama wa Nyange, Bi Mwanabaraka, akamwambia ni ajali ya mitambo. Hakusema zaidi, na yule mama hakuuliza.

Mwezi huu ameuliza. Mmoja wa wale watatu wanaochambua makonyo ni Himid, mdogo wake Nyange, ambaye amepata nafasi melini. Mmanga alimkataza. Himid akamjibu, "Kaka Mmanga, nikikaa hapa n'tamlisha nini mama?"

Bi Mwanabaraka alifika ghalani kwa miguu, akasimama mlangoni, akakataa kukaa.

"Himid anambia wamfunza lugha ya watu wa meli ile, na kwamba asiyeifahamu huzikwa."

"Ndivyo, Bi Mwanabaraka."

"Ndiyo iliyomuua mwanangu?"

Mmanga akamweleza yote, pale pale, mbele ya wachukuzi wa ghala. Anasema hakuweza kumtazama usoni.

"Kwa neno moja?" mama akauliza.

"Kwa neno moja, Bi."

Akashika nguzo ya mlango. "Na weye ukalijua hilo siku zote hizi, ukaniacha nikidhani ni chuma tu." Kisha akasema, "Huyu siwezi kumzuia. Mfunze mpaka limwingie mwilini."

Tangu siku hiyo Mmanga amebadili somo. Hata sasa, katikati ya mazungumzo na mwandishi huyu, anaangusha sindano na kupiga kelele: "Fuera!"

Wawili wanaruka, makonyo yanamwagika, wako uani. Himid anainua kichwa kwanza, uso wake ukitafuta maana, ndipo anapotoka.

"Ushakufa," Mmanga anamwambia. Hakuna anayecheka. "Rudi ukae."

Himid anaondoka Ijumaa kwa lori la abiria mpaka Wete, kisha kwa chombo mpaka Mombasa. Mmanga anasema msimu wa karafuu ukimalizika atafuata, akae karibu na bandari awasomeshe wanaosubiri meli kabla hawajapanda, kama tajiri wake, mwenye ghala, atampa ruhusa. Kwa mkono huu, anasema, hakuna meli itakayomtaka yeye.

Anapoulizwa anamwombea nini Himid, anaivuta kamba ya gunia kwa meno, anaikata.

"Naomba siku moja asikie vibaya," anasema. "Fundi aseme jengine kabisa, na yeye akimbie mpaka juu sitahani, roho mkononi, na kumbe hakuna kitu. Wamcheke meli nzima. Waniletee habari huku Konde kwamba Himid ni mwoga."

Anachukua gunia jengine.