Kupunga Upepo

Marehemu mume wangu alikuwa na pikipiki kuukuu, aliyoipata Masasi kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Waingereza walikuwa bado wanatutawala. Tulikaa Newala kwa mama yangu, kwa kuwa kwetu mwanamume akioa huhamia upande wa mke. Mume wangu alikuwa seremala wa misheni, na kabla ya hapo dereva wa jeshi katika vita vya Burma.

Kila Jumamosi jioni aliitoa uani, akaisukuma mpaka ukingo wa mlima, akateremka bondeni kwa njia ya maji, kisha akapanda tena kwa njia ileile. Ngurumo yake ilisikika mpaka sokoni. Hakubeba kitu wala hakwenda kwa mtu. Watu hawakuelewa.

"Shemeji, safari ya wapi?" jirani yetu alimwuliza.

"Nakwenda kupunga upepo."

Alirudi amejaa vumbi, macho yanacheka kama ya mtoto. Nami nilipenda kumwona hivyo.

Lakini njia ile ndiyo tuliyoteremka alfajiri na mitungi, maana Newala maji hayako juu. Magurudumu yalichimbua mchanga, mvua za kwanza zikapita mle mle, ikawa korongo. Jirani aliteleza, mtungi ukavunjika. Ilikuwa wazi kwamba mvua kubwa zikija njia itaondoka yote, nasi tutazunguka mbali sana kutafuta maji.

Nilimwambia mume wangu.

"Njia ni ya kupita, mke wangu. Na mimi napita," akasema. "Kama nawaudhi, mbona wenyewe hawasemi?"

Kweli, hawakusema. Nikamwuliza yule jirani kwa nini.

"Tuseme nini?" akajibu. "Mama yako alituomba tunyamaze. Mkwe wake ametoka vitani na pepo, kila Jumamosi anakwenda kuwapunga bondeni. Mgonjwa hugombezwa?"

"Pepo gani?"

"Si anasema mwenyewe? Anakwenda kupunga pepo!"

Nilitua mtungi chini nikacheka mpaka nikakaa. Mama alizungumza Kimakonde. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Kwake kulikuwa na kupunga kwa aina moja tu, kule kwa ngoma na ubani. Na asingeweza kumwuliza mwenyewe, kwani kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, sembuse kuulizana habari za pepo.

Jioni nilimsimulia mume wangu. Alicheka, akafuta machozi.

"Kumbe wamekuwa wakianguka kwa ajili yangu," alisema. Baadaye akaongeza, "Mama hakukosea sana. Nikiteremka pale, ya Burma yote hunyamaza."

Hakuwahi kunitajia Burma kabla ya hapo, wala hakuitaja tena.

Jumamosi iliyofuata alishuka kwa miguu. Alikata magogo, akayalaza kukingama korongo, akajaza udongo na kupanda nyasi. Wanawake walisimama na mitungi yao kumtazama.

"Shemeji, leo pepo wako anataka jembe?"

"Anataka na uji, shemeji, lakini naona mmekuja mikono mitupu."

Mvua kubwa zilikuja. Kule chini kipande kimoja kiliondoka, sitaki kusema uongo, lakini kwingine kote njia ilishika, tukaendelea kuteka maji palepale. Pikipiki aliihamishia barabara ya mchanga ya kuelekea Chilangala. Alisema haina utamu ule wa mteremko. Alikwenda hivyo hivyo, akirudi na vumbi zaidi kidogo na kicheko pungufu kidogo.

Mama alipoona hateremki tena, aliwatangazia majirani: "Mkwe wangu amepona." Akachinja kuku, akanipa nimpelekee. Mume wangu alimla kuku mzima, mpaka shingo.

"Dawa ya mama mkwe haikataliwi," alisema.

Mama alikufa akiamini hivyo, na hakuna aliyemsahihisha. Sasa na mume wangu amelala. Siku hizi nateremka bondeni mara chache, magoti hayataki. Magogo yake yalikwisha kuoza, lakini zile nyasi zimeota pana. Nikifika pale hupita pembeni, nisizikanyage.