Trekta la Kupigwa Picha

Jilala alianza kufunga kamera kwenye vitu vinavyotembea kwa sababu hakuweza kununua droni. Harusi za Bariadi zilitaka droni, naye alikuwa na kikamera cha Kichina, kidogo kama kiberiti, alichokipata dukani kwa Tajudin. Basi alikifunga kwa mpira wa tyubu kwenye usukani wa pikipiki ya bwana harusi, kwenye mfuniko wa sufuria la pilau, na mara moja kwenye pembe ya ng'ombe wa mahari. Watu walimcheka, kisha wakaanza kumtafuta.

Ndivyo alivyotafutwa na Novatus, msimamizi wa mradi mmoja wa kilimo. Novatus alitaka filamu ya kuwaonyesha wafadhili jinsi trekta la mradi linavyowalimia wakulima wa Ngulyati.

"Funga kamera kwenye gurudumu, kwenye plau, popote," alisema. "Nataka wauone udongo unavyopasuka."

Shamba lililochaguliwa lilikuwa la Mayu Minza, yaani Mama Minza kwa Kisukuma, mjane ambaye ng'ombe wake wa kulimia walikufa kwa ukame. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha. Alikuwa ameahidiwa maksai wa kukodi, lakini aliposikia trekta linakuja kwake, aliwaambia wenye maksai waende kwa wengine.

Masunga, dereva, aliliteremsha trekta kutoka kwenye lori. Jilala akakaza kamera juu ya plau. Trekta likaenda hadi mwisho wa shamba na kurudi. Novatus akatazama picha kwenye simu na kutikisa kichwa kwa furaha.

"Safi. Masunga, pandisha trekta, tuwahi kijiji kingine."

Mayu Minza alikuwa amekumbatia mfuko wa mbegu. "Baba, mbona bado?"

"Bado nini, mama?"

"Shamba."

"Aah, hii ilikuwa ya picha tu. Utaratibu wa kulima utafuata. Jina lako lipo."

"Lipo tangu mwaka juzi."

"Basi shukuru, halijapotea."

Masunga alicheka, kisha akaona amecheka peke yake.

Hasira ilimpanda Jilala. Angeweza kumchukia Novatus na kuishia hapo, lakini mpira ule aliukaza yeye, kwa mikono yake. Na picha ilikuwa nzuri kweli: udongo mweusi ukijipindua, ukijaza kioo chote, utadhani nchi nzima inalimwa. Wafadhili wangeitazama kwenye ukumbi wenye baridi na kupiga makofi, na mwanamke huyu angeshinda njaa huku shamba lake likilimwa ndani ya filamu. Akigomba, Novatus angemtafuta mpiga picha mwingine kabla ya jioni.

"Bosi, picha imetikisika," alisema.

"Mbona naiona sawa?"

"Kwenye simu. Ikiwekwa kwenye skrini kubwa mbele ya wageni, utaaibika."

Hilo la kuaibika lilimwingia Novatus. Masunga akawasha tena. Jilala alihamishia kamera kwenye gurudumu, akaulegeza mpira makusudi ili itikisike kweli.

"Usipite palipolimwa," alimwambia Masunga. "Udongo uliokwisha kugeuzwa hauna picha. Sogea."

Baada ya gurudumu ikawa bomba la moshi. Baada ya bomba ikawa chini ya kiti. Kisha jua likawa limegeuka, ikabidi waanzie upande wa pili. Novatus alikuwa kivulini mwa gari lake, simu sikioni. Masunga alipopita karibu na Jilala aliinama.

"Mpiga picha, leo unalima kunizidi mimi."

"Endesha."

Novatus alipoinua macho, shamba lilikuwa jeusi karibu lote. Alikuja mbio, viatu vimejaa udongo.

"Unanichezea, wewe? Hiyo dizeli ni ya vijiji vitatu."

"Vya kulima?"

"Vya kupiga picha."

Alipogundua alichosema, sauti ilimpanda zaidi. "Leta kadi ya kamera. Na usikanyage tena kwenye kazi ya mradi."

Jilala aliifungua kamera kutoka kwenye trekta, akampa kadi. Trekta likapandishwa, lori likaondoka, na kipande cha kona kando ya ua wa minyaa kikabaki hakijaguswa. Mayu Minza aliingia humo na jembe lake.

"Ng'wanawane, mwanangu, wamekufukuza?"

"Wamenifukuza, mayu."

"Shika hili basi, tumalizie." Alimpa jembe la pili.

Mpakani alisimama jirani, mwanamke asiye na ng'ombe wala jembe la kukokotwa, macho yake kwenye vumbi la lori.

"Na kwangu wanakuja lini?"

Hasira ilimrudia Jilala, kali kuliko mwanzo. Alitoa kadi nyingine mfukoni, akaitia kwenye kamera, akaifunga kwenye mpini wa jembe alilopewa, lenzi ikimwelekea mlimaji. Akamkabidhi yule jirani.

"Lima," alisema, "halafu uulize tena. Safari hii kwa sauti, wafadhili wasikie."