Maneno Mawili Siku ya Posa Yangu

Bibi yangu, mzaa baba, aliwagawa watu wote kwa maneno mawili: muungwana na mshenzi. Muungwana ni mtu wa pwani, anayejua kuswali, kuvaa nguo ndefu na kula wali kwa vidole bila kumwaga. Mshenzi ni mwingine yeyote aliyetoka bara. Ungemsikiliza usingesikia hasira yoyote. Neno mshenzi alilisema kama mtu anavyosema "jirani" au "muuza mkaa". Yule mshenzi wa maziwa amepita? Mpeni yule mshenzi maji, jua kali. Na maji yenyewe alikuwa ameshayachota.

Nalieleza hili mapema kwa sababu msomaji wa leo akilikuta neno hilo atamdhania bibi yangu mtu mbaya, nami nisingependa amdhanie hivyo kabla hajamjua. Lakini sitaki kulisafisha pia. Neno lilikuwa na uchungu hata wakati ule. Aliyelisema hakuuonja, akauonja aliyeitwa, na watu hao wawili mara nyingi hawakukaa sehemu moja. Siku walipokaa sehemu moja ilikuwa siku ya posa yangu.

Ilikuwa miaka ya mwisho mwisho ya Mwingereza. Tulikaa Temeke, upande ambao lami ilikuwa haijafika, katika nyumba ya udongo yenye paa la makuti na baraza mbele. Mama alikufa nikiwa mdogo, bibi akanilea. Mimi nilikuwa nafundisha watoto wa darasa la kwanza. Baba alikuwa fundi cherehani, na ni cherehani yake iliyomleta mchumba wangu: karani wa bandari, Mnyamwezi wa Tabora, Mwislamu kama sisi, aliyepanga chumba Kinondoni. Alileta suruali ipunguzwe kiuno. Ikapunguzwa. Akairudisha ipunguzwe tena. Mara ya tatu baba alivua miwani akasema, "Kijana huyu ama anaumwa, ama haja yake si suruali."

Baba hakuwa na neno. Lakini kwetu msichana haolewi bibi yake akiwa amenuna, na bibi alikuwa hajamwona kijana.

Siku ya posa alikuja baba mdogo wa kijana, mzee wa makamo aliyefika kwa treni kutoka Tabora. Kwa desturi mwoaji hubaki kwake. Ila mzee hakuijua Dar es Salaam, angeishia Ilala, kwa hiyo kijana alimsindikiza, akakaa nje barazani, kando kabisa, kama mtu aliyepita tu kujikinga na jua. Mimi nilikuwa uani, nyuma ya mlango, nikijifanya napepeta mchele. Ungo mzima ulikuwa hauna hata pumba moja iliyobaki, nami naendelea kupepeta.

Mzee alisalimia, akasema amekuja kuomba. Bibi, aliyekaa juu ya mkeka kwenye kizingiti cha chumba chake, akamkatiza.

"Nyie wa wapi hasa?"

"Unyanyembe, mama."

"Washenzi wa bara," bibi akasema. "Mlipita huku mmebeba pembe za ndovu za watu, mkatumalizia mihogo shambani."

Hapa inabidi nisimame kidogo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Utani huo ni wa tangu enzi za misafara, wapagazi walipofika pwani wamechoka na wenyeji wakawapokea kwa chakula na matusi. Mtani humtukani, unamtania: unaweza kumwita mtumwa wako, ukamnyang'anya kofia msibani, naye hana ruhusa ya kukasirika. Bibi kumwita yule mzee mshenzi ilikuwa njia yake ya kumkaribisha. Mzee alilijua hilo, akacheka mpaka akakohoa.

"Na nyie mlituuzia maji ya kisima," akajibu. "Maji ya Mungu, mnauza. Leo nimekuja kudai fidia, mtumwa wangu."

"Fidia gani?"

"Huyo anayepepeta mchele uani. Maana mchele wenyewe umeshalia vya kutosha."

Bibi akacheka, baba akacheka, nami nikauweka ungo chini kwa aibu na furaha. Nikajua mambo yameisha.

Ndipo mwanga wa mlangoni ukazibika. Mchumba wangu alikuwa amesimama pale, ameshavua kofia.

"Baba mdogo, twende."

"Twende wapi, nasi ndiyo tumeketi?"

"Nyumbani. Neno hilo napewa bandarini kila siku. Sikuja Temeke kuongezewa."

Alikuwa amelelewa bweni la shule tangu mdogo, mbali na wazee. Utani aliusikia tu, hakuukulia. Mzee wake alimvuta kanzu, akamnong'oneza, "Kaa chini wee, huu utani." Hakukaa. Akamgeukia bibi, kwa heshima kabisa, akaniua.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mie si mshenzi. Mie ni Mwafrika. Na wewe ni Mwafrika. Humu ndani sote Waafrika."

Kwetu vijana, siku hizo neno hilo lilikuwa kama nguo mpya ya Idi. Tulilisema kwenye mikutano, tukalisema njiani bila sababu, kulisikia tu. Nilipolisikia mlangoni mwetu moyo wangu ulisimama wima. Kisha nikamtazama bibi. Uso wake ulikuwa umeanguka.

"Mwafrika mwenyewe," akasema polepole. "Mjukuu wangu, mie nimekukosea nini hata unitukane mbele ya mwanangu?"

Wakaondoka, mzee akiomba radhi njia nzima mpaka kwenye ua wa michongoma mbele ya nyumba. Baba akarudi kwenye cherehani, akashona kitu ambacho baadaye alikifumua. Akaniambia bila kuinua kichwa, "Bibi yako akikubali, mimi nimekubali. Asipokubali, usiniulize."

Siku zilizofuata sikuweza kukaa. Nilifagia ua uliofagiwa. Nilikwenda kisimani na ndoo imejaa. Darasani niliandika herufi ubaoni nikazifuta kabla watoto hawajazinakili, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiyo 'm' umeikataa?" Bibi naye hakusema nami ila kwa mambo ya chumvi na moto.

Mwishowe nilikaa naye jikoni nikamuuliza neno lile limemfanya nini. Aliendelea kukuna nazi kwa muda. Kisha akaniambia habari za Vita vya Pili vya Dunia, ambavyo mimi nilikuwa mdogo mno kuvikumbuka. Chakula kilipoadimika, alisema, serikali ikakigawa kwa rangi. Mzungu fungu lake, Mhindi lake, Mwarabu lake. Mhindi na Mwarabu walipata mchele. Bibi akapanga foleni ya mchele, maana tangu azaliwe hakuwa amekula kingine mchana. Mgawaji akamtazama usoni, akamwambia, "Wewe Mwafrika, foleni ile." Foleni ile ilikuwa ya unga wa mahindi.

"Nikamwambia mie Mshirazi," bibi akasema. Bibi alikuwa Mzaramo, ila akibanwa, babu yake alitoka Shirazi, Uajemi. "Akacheka. Watu wote wakacheka. Nikarudi na unga, baba yako akaulizia wali. Sasa we niambie, Mwafrika ni nini? Ni mtu asiyepewa mchele. Halafu kijana anakuja kwangu, kwenye mkeka wangu, ananiita hivyo."

Nilikuwa nimezoea kulieleza neno hilo kwa watu, na hapo niliona kwamba nilikuwa nalieleza kuanzia katikati.

Kesho yake nilimkuta mchumba wangu njiani, karibu na shule, amesimama na baiskeli. Nikamweleza habari ya mchele. Alisikiliza, akachezea kengele ya baiskeli bila kuipiga.

"Bandarini tuna Mzungu," akasema. "Kiswahili chake chote kinaenea kwenye kisanduku cha kiberiti. Lete, haraka, boi, mshenzi. Hayo mawili ya mwisho ndiyo majina yangu. Unajua neno hilo la pili kalitoa wapi? Kwenu. Kwa waungwana wenu. Nikilipokea kwa bibi yako nikacheka, kesho nitalikataaje kwa yule?"

"Na bibi akilipokea lako akacheka, wale waliomcheka kwenye foleni walikosea nini?"

Nilidhani atapanda baiskeli. Kweli alipanda, akaenda zake, wala hakusema tutaonana lini.

Nimewahi kuulizwa na wanafunzi wangu nani kati yao alikuwa na haki. Huwa nawaambia wasiniharakishe. Kila mmoja alikuwa ameshika kisu kilekile, mmoja kwa mpini, mwingine kwa makali, na kwenye neno la pili wakabadilishana. Nilichotaka mimi siku zile hakikuwa haki. Nilitaka kuolewa na mtu yule, na bibi yangu awepo.

Mchumba wangu alikuja tena baada ya swala ya Ijumaa, peke yake, jambo lisilofanyika, amebeba kikapu kichwani kama mpagazi. Alikiweka mbele ya mkeka wa bibi. Kilikuwa na mchele, wa kwao Tabora, baba yake mdogo ameuagiza kwa treni.

"Bibi, huu mchele," akasema. "Umeletwa na Mwafrika. Hakupanga foleni."

Bibi alichota kidogo, akaunusa, akautafuna mbichi.

"Mchele wa bara hauna harufu," akasema.

"Hauna, bibi."

"Unahitaji nazi mbili."

"Hata tatu."

Bibi akakisogeza kikapu nyuma yake, ndani ya chumba, na hapo nikajua. Lakini hakuwa amemaliza. "Lile neno langu nitaliacha," akasema, "japo sijui nitakuita nani. La kwako nalo uliache huko barabarani. Ukiingia humu usiniite hivyo."

Kijana aligeuka akautazama mlango. Nilijua anapima, maana kwake kuliacha neno lile mlangoni lilikuwa jambo zito kuliko kikapu. "Nitakuita bibi tu," akasema hatimaye.

"Basi mie nitakuita mume wangu. Na huyu anayetega sikio uani, mke mwenzangu." Ndivyo mabibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao, naye bibi akaona ameokoka na shida ya jina.

Watu wakisimulia habari hii nyumbani huishia hapo, kwenye kicheko. Mimi huendelea kidogo. Ndoa ilikuwa ya watu wengi, na watani hawakosi. Nimefunikwa kanga, mume ameletwa chumbani kunitazama, naona miguu yake tu na viatu vyeusi alivyopiga rangi mwenyewe. Nje, wanawake wa kwetu wakaanza wimbo wa kuwatania wageni, na katikati ya wimbo likaja lile neno, kwa vigelegele na vifijo, wala hakuna aliyekusudia ubaya. Nikamsikia bibi akigonga sakafu kwa mkongojo. "Badilisheni wimbo," akasema. Hawakumsikia. Akagonga tena.

Mimi nilikuwa natazama viatu. Kimoja kiligeuka upande wa mlango, kikakaa hivyo. Wimbo ukalirudia neno. Kiatu kikanigeukia tena, taratibu. Havikuondoka. Ila havikutulia pia, vidole vilikuwa vinacheza ndani ya ngozi ya viatu, na nilijifunza kuvitazama hivyo miaka mingi, kila tulipokaribishwa mahali penye watu wa kwetu na wali ukaletwa.