Chura wa Kurudi

Saa tisa na dakika arobaini alasiri, siku ya Jumamosi, nilitundika pazia la kitani la Kijapani kwenye mlango wa chumba changu cha kusomea, nyumbani kwetu Seven Hills, huku ughaibuni. Chumba kilikuwa changu kwa jina tu. Mama mkwe alikuwa akilala humo kwa miezi saba, na vitabu vyangu vilikuwa gereji, ndani ya maboksi.

Kumwambia mama mkwe aondoke ni jambo lisilosemeka, kwa hiyo nilitafuta wa kunisemea. Sokoni, mtaa wa Auburn, mama mzee wa Kijapani alinieleza wanyama wa heri waliochorwa kwenye mapazia yake. Paka huita wateja. Bundi, ajabu, hufukuza shida. Chura kwao huitwa kaeru, na neno hilohilo lina maana ya kurudi. Nilihakikisha kwenye kamusi ya maktaba: kurudi nyumbani, mtu anakotoka. Nikanunua lenye vyura watatu.

Mama mkwe alilikagua.

"Fundi aliishiwa kitambaa? Linakomea kiunoni, na katikati limepasuka."

"Ndivyo lilivyoshonwa, mama. Chura ni heri kwa msafiri. Maana yake ni kurudi."

"Kurudi?"

"Kurudi nyumbani, mama," nilisema, nikitazama sakafu kwa adabu.

Mke wangu, aliyekuwa akimenya viazi, alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Kwa siku tatu mama aliingia na kutoka kati ya vyura. Siku ya nne, wakati wa chai, alitangaza kwamba anakwenda kwao Tanga. Nilifungua kompyuta kabla hajamaliza kikombe.

"Nikukatie tiketi ya lini, mama?"

"Wiki ijayo. Ya kwenda na kurudi."

"Na kurudi?"

"Si wewe mwenyewe uliyesema? Miezi yote hii nilikuwa naogopa, nikiondoka ndiyo basi tena. Kumbe mkwe wangu ananitaka, hata chura amenitundikia! Nakwenda kumkabidhi dada yangu nyumba, nakuja."

Mke wangu alinigeukia. "Haya, bwana kamusi. Mfafanulie."

Nilirudi kwenye kompyuta. Tiketi ya kwenda tu ilikuwa dola mia tisa na sitini. Ya kwenda na kurudi, elfu moja mia saba na kumi. Ukijumlisha tofauti hiyo na pazia la dola arobaini na tano, hasara yangu ni dola mia saba tisini na tano.