Simu Ndani ya Sanduku

“Kama haishuki, hii inayoshuka ni nini?”

Aliyeniuliza ni mwenyekiti wa kikoba, kikundi cha akiba cha mama yangu na wenzake, kijijini Chanzuru. Macho yake yalikuwa kwenye simu yangu. Mimi niliyesomea uchumi chuo kikuu nikamgeuzia kioo aone vizuri.

Mwaka ule akina mama walikuwa wameichoka shilingi. Waliweka akiba baada ya mavuno, lakini msimu wa kulima ukifika, mbolea imepanda na trekta limepanda. Ndipo mhazini akaleta habari za sarafu ya mtandaoni ambayo thamani yake, alisema, imefungwa kwenye dola: sarafu moja dola moja, haishuki. Nikauliza hizo dola anazitunza nani. Nikauliza nani aliyezikagua.

“Huyu ukimpa maji ya kunywa atauliza nani kachimba kisima,” mhazini akasema, wakacheka wote, mama yangu akiwamo.

Wakaihamisha akiba yote ya mpunga. Kisha wakafanya walichozoea. Hela ya kikoba hukaa kwenye sanduku la kufuli tatu, na kila ufunguo una mwenyewe. Basi wakaizima simu pekee yenye akaunti ya sarafu ile, wakaitia sandukuni, wakafunga.

Asubuhi niliyoiona bei ikiporomoka, nilidhani simu yangu imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha. Sarafu ilikuwa imefika nusu dola na bado inashuka. Nikakimbilia kwa mwenyekiti. Mhazini naye akaja na ufunguo wake. Wa tatu alikuwa nao mama mdogo, aliyekwenda Mikumi kuuza mchele. Nikampigia.

“Mama mdogo, shikamoo, rudi sasa hivi!”

“Marahaba. Nani kafa?”

“Hajafa mtu. Hela!”

“Hela inakufaje na iko sandukuni?”

Nikawaambia wavunje kufuli. Mwenyekiti akanitazama kama nimetukana.

“Tukivunja leo, kesho nani ataweka hata mia humu?”

Tukakaa kulizunguka lile sanduku, mimi nikisoma bei kwa sauti, mpaka mama yangu akaniambia ninyamaze. Vitabuni nilisoma kwamba fedha huweza kuanguka. Sikujua kwamba inaweza kuanguka huku watu wameikalia.

Mama mdogo alishuka kwenye pikipiki akiwa mwekundu kwa vumbi, ufunguo umefungwa kwenye pindo la khanga. Tukafungua. Simu ikawaka polepole. Mhazini akabonyeza kuuza, na yakatokea maneno: ombi lako linashughulikiwa. Halikushughulikiwa kamwe. Kufikia jioni sarafu ile haikuwa na thamani ya kununua hata kiberiti.

Msimu ule mama yangu alilima kajaruba kamoja tu ka mpunga.

“Ungewahi, tungeokoa hata nusu,” alimwambia mdogo wake mbele ya watu. Mama mdogo aliuweka ufunguo juu ya sanduku, akajitoa kwenye kikoba, akahamia Mikumi moja kwa moja. Idi ikaja, sahani ya pilau haikutoka kwetu kwenda kwake, wala yake haikuja.

Miaka ilikuwa imepita niliposoma maelezo mahakamani ya wadai wa kampuni iliyofilisika, ile iliyoendesha akaunti zile. Siku ile mauzo yote yalisitishwa kabla ya alfajiri, mama mdogo akiwa bado amelala nyumbani kwake Chanzuru.