Nyama Aliyopewa Mzee Néhémie

Mzee Néhémie alipanda boti Kazimia alfajiri, akafika Baraka na njaa ya makusudi. Hakugusa hata chai. Binti yake Clarisse, fundi wa nguo karibu na soko, alikuwa amemwahidi mbuzi wa kuchoma kwa Casimir, ambaye harufu ya jiko lake huzunguka mtaa mzima.

Wakakaa. Walicholetewa ni vipande vya jana vilivyopitishwa motoni mara ya pili, mishipa mitupu, na ndizi zilizopoa. Meza ya pili, wakubwa fulani walikula mbavu zinazochuruzika mafuta. Mzee alitafuna kwa upole. Clarisse akamwona amegeuka kando, akatoa kitambaa, akatemea humo, akakirudisha mfukoni.

"Iko muzuri, mwanangu," akasema.

Hayo ndiyo yaliyomchoma Clarisse. Akamwita mwenye mahali.

"Papa Casimir, hii nyama iko ya jana. Utubadilishie."

Casimir akautazama mdomo wa mzee, kisha akapaza sauti wote wasikie: "Muzee hana meno, mama! Umupeleke akunywe uji. Hapa tunachomea benye meno."

Watu wakacheka. Mzee Néhémie naye akacheka kidogo, kama mgeni asiyetaka kuharibu karamu ya wenyewe.

Clarisse hakuwa mtu wa kusahau. Shemeji yake wa Mboko alimwita mchawi miaka tisa iliyopita, na hadi leo Clarisse akimwona njiani anavuka upande wa pili. Alimsindikiza baba yake hadi kwenye boti, akarudi nyumbani, akafunika cherehani.

Alianza na mbuzi. Casimir alinunua kwa Rugema, mfugaji aliyeteremka kutoka milimani kila Alhamisi. Clarisse akamngoja nje ya mji, akachagua wachanga wote. Casimir akabaki na mabeberu waliozeeka.

Kisha Clarisse akaanza kuchoma mwenyewe. Wiki ya kwanza aliunguza. Ya pili, nyama ikatoka mbichi ndani. Mwishowe akajua kuilaza nyama katika majani ya mpapai mpaka ilegee, ukaweza kuimaliza kwa ulimi. Akatega jiko ng'ambo ya barabara, upande unakotoka upepo wa ziwa, ili moshi uingie moja kwa moja kwa Casimir. Akashona bango la kitambaa chekundu: NYAMA YA WASIO NA MENO.

Wateja walikuja kwanza kwa kicheko, halafu kwa njaa. Ikafika siku Casimir akavuka barabara mwenyewe, kofia mkononi.

"Mama Clarisse, unaniua. Niko na batoto. Tusikilizane."

"Ukae, papa. Kula kwanza."

Akampa mbavu za kifuani. Casimir akazimaliza, akalamba vidole.

"Iko tamu," akakiri, sauti imemshuka.

"Najua."

"Basi uhame kidogo tu. Hata kule karibu na bandari kuko watu."

"Sihami."

Clarisse akafuta moshi machoni. Kazi ya jiko hakuipenda. Mgongo ulimuuma, na wateja wa nguo walilalamika kwamba sare za kwaya zimechelewa. Lakini kila alipoona viti vya Casimir vitupu, moyo ulimpoa kama aliyetoka kuoga ziwani. Akachukua simu palepale, mbele ya yule bwana, akampigia Rugema.

"Alhamisi uniletee mbuzi bote," akasema. "Hata hayo mabeberu."